6H au 3HP? Kuchagua dawa kinga ya TB kwa mtu mwenye VVU anayetumia heroini au methadoni

Mtu anayeishi na VVU na anayetumia heroini, au aliyekwisha kuanza methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa kliniki kutibu uraibu wa heroini), anastahili dawa kinga ya kifua kikuu kama anavyostahili mtu mwingine yeyote mwenye VVU. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaipendekeza kwa kila mtu mzima mwenye VVU ambaye hadhaniwi kuwa na TB, hata pale ambapo kipimo cha ngozi cha maambukizi ya TB hakipatikani, na mwongozo wake wa mwaka 2016 kuhusu watu wanaojidunga unaeleza kwamba matumizi ya dawa za kulevya, utegemezi wa pombe au maambukizi ya homa ya ini si sababu ya kumnyima mtu matibabu ya TB au ya VVU. Ubishi wa "apewe au asipewe" ulipaswa kuwa umekwisha siku nyingi. Uliobaki ni ubishi wenye maana zaidi, nao ni apewe ipi.

Kwa Tanzania na Kenya, uchaguzi wa kweli uko kati ya njia mbili. Ya kwanza ni isoniazidi peke yake, miligramu 300 kila siku kwa miezi sita, ambayo wahudumu huiita IPT au 6H. Ya pili ni isoniazidi pamoja na rifapentini, mara moja tu kwa wiki kwa muda wa wiki 12, inayojulikana kama 3HP. Zipo nyingine mbili, yaani 1HP ya kila siku kwa mwezi mmoja na 3HR ya kila siku kwa miezi mitatu, lakini kwa kundi hili zina kasoro inayojitokeza mapema, kwa hiyo nitazipitia kwa ufupi baadaye.

Ukubwa wa hatari yenyewe ulionekana zamani. Mwaka 1989 watafiti waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa kliniki ya methadoni huko Bronx, New York, waliripoti kwamba miongoni mwa wenye VVU ambao kipimo cha ngozi kilikwisha kuonyesha kuwa wanabeba vimelea vya TB, karibu wanane katika kila 100 waliugua TB kwa mwaka, ilhali miongoni mwa wasio na VVU hakuugua hata mmoja katika kipindi hicho cha ufuatiliaji. Siku hizo ARV za leo hazikuwapo. ARV peke yake hupunguza uwezekano wa kuugua TB kwa takriban asilimia 65, lakini haiufuti, na utafiti wa TEMPRANO uliofanyika Kodivaa ulionyesha kwamba miezi sita ya isoniazidi ilipunguza vifo kwa asilimia 37, awe mtu ameanzishiwa ARV mapema au amechelewa. Dawa kinga, kwa hiyo, huongeza kitu juu ya ARV, na mtu asidhani kwamba kwa kuwa virusi vimefubaa basi kifua kiko salama.

Kabla ya kuchagua, hakikisha si TB yenyewe

Utaratibu wa kawaida katika kliniki ya VVU (CTC) ni maswali manne: una kikohozi, una homa, umepungua uzito, unatokwa na jasho usiku? Asiye na hata dalili moja huanzishiwa dawa kinga. Kwa mtu anayetumia heroini au methadoni maswali haya manne hudanganya, tena hudanganya pande zote mbili. Dawa za jamii ya afyuni, heroini na methadoni zikiwamo, hutuliza kikohozi; heroini yenyewe ilipoingizwa sokoni na kampuni ya Bayer mwaka 1898 iliuzwa kama dawa ya kikohozi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na TB ya mapafu iliyokomaa na bado akasema, bila kudanganya, kwamba hakohoi. Kwa upande mwingine, arosto, yaani hali mbaya ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, huleta jasho na kutetemeka, na maisha ya kijiweni hupunguza uzito hata bila TB, kwa hiyo aliye mzima anaweza kujibu ndiyo kwa maswali mawili na akaishia kuzungushwa maabara wiki nzima.

Tangu 2021 WHO imeongeza njia nyingine za uchunguzi kwa wenye VVU, zikiwamo picha ya eksirei ya kifua na kipimo cha damu cha CRP. Ningeziweka mbele ya maswali manne kwa kundi hili kila panapowezekana, na mwenye dalili yoyote apimwe makohozi kwa mashine ya GeneXpert. Mgonjwa aliyedhoofu sana na asiyeweza kutoa makohozi apimwe pia mkojo kwa kipimo cha LAM. Sababu ya uangalifu huu ni moja: kumpa mtu mwenye TB hai isoniazidi peke yake ni kuvipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Hata hivyo, kukosekana kwa eksirei kusigeuzwe kuwa kizuizi. Mtu asiye na dalili, aliyeulizwa kwa utulivu na kupimwa uzito leo na mwezi uliopita, anaweza kuanza.

Dozi 182 upande mmoja, 12 upande wa pili

Kwa hesabu tu, 3HP inashinda. Mtu wa 6H ana dozi 182 za kumeza, na huhesabiwa kuwa amemaliza akimeza angalau 146 kati ya hizo ndani ya siku 239. Mtu wa 3HP ana dozi 12, na huhesabiwa kuwa amemaliza akimeza 11 ndani ya siku 120. Utafiti wa WHIP3TB, uliofanyika Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji kwa watu wenye VVU na kuchapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba asilimia 90 ya waliopewa 3HP walimaliza, wakati waliopewa isoniazidi ya miezi sita walimaliza asilimia 50 tu. Nusu nzima waliishia njiani, na hao hawakuwa kundi la watu wanaohangaika kutafuta kete ya heroini kila asubuhi.

Bei nayo si kikwazo kama ilivyokuwa. Mwaka 2019, mashirika ya ufadhili wa afya ya Unitaid na Global Fund yalifikia makubaliano na kampuni ya Sanofi yaliyoshusha gharama ya 3HP kwa mtu mmoja kutoka takriban dola 45 hadi 15. Mzigo wa vidonge pia umepungua, kwa sababu badala ya vidonge tisa kwa mara moja, mtu mzima sasa anaweza kupewa vidonge vitatu vya mchanganyiko, kila kimoja kikiwa na miligramu 300 za rifapentini na 300 za isoniazidi. Njia zote mbili huambatana na vitamini B6.

Kuna jambo dogo ambalo karatasi za maelekezo hulitaja kwa neno moja na watu hulisahau. Rifapentini hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula. Anayefika dirishani saa moja asubuhi kunywa methadoni mara nyingi hajatia kitu tumboni tangu jana mchana, kwa hiyo kituo kinachotoa 3HP kingefanya vyema kuwa na uji siku ya dozi. Sufuria la uji mara moja kwa wiki ni gharama ndogo ukilinganisha na dawa iliyomezwa ikapita bure.

Kama hadithi ingeishia hapa, makala haya yasingekuwa na haja. Kinachobadilisha mizani ni methadoni.

Rifapentini inapokutana na methadoni

Rifapentini ni ndugu wa rifampisini, dawa ya kutibu TB, na dawa za ukoo huu hulichochea ini liharakishe kuvunja dawa nyingine nyingi, methadoni ikiwamo. Kwa rifampisini ya kila siku, kiasi cha methadoni kwenye damu kimeonekana kushuka kwa asilimia 30 hadi 65. Rifapentini ya mara moja kwa wiki huchochea ini kwa mawimbi, inapanda baada ya dozi na kulegea kiasi kabla ya dozi inayofuata, lakini tahadhari ni ileile. Isoniazidi peke yake haina tabia hii. Mtu anayekunywa methadoni anaweza kumeza 6H kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho bila dozi yake ya methadoni kuguswa.

Tuseme mtu ameanza 3HP Jumatatu, na Alhamisi ya wiki ya pili anafika dirishani akiwa amejikunyata. "Sista, dozi hainishiki," anasema. "Usiku silali, mifupa inaniuma, miayo haikatiki." Muuguzi aliyezoea kusikia maneno hayo kila siku anaweza kuyachukulia kama ujanja wa kutaka aongezewe ili alewe, akamjibu kwamba dozi ni ileile aliyokuwa akinywa mwezi uliopita na ilimtosha. Kwa kikombe ni ileile kweli, lakini kwa damu siyo. Mtu huyo ana njia tatu mbele yake: avumilie, aache vidonge vya TB, au ashuke kijiweni akanunue kete ya kumalizia pengo. Njia ya pili na ya tatu ndizo zinazotokea, na zote mbili zinabomoa kile kilichojengwa kwa miezi.

Ugumu unaongezeka kwa sababu 3HP yenyewe ina madhara yanayofanana na arosto. Baadhi ya wanaoimeza hupata hali kama ya mafua makali: homa, kizunguzungu, kichwa kuuma, misuli kuuma. Namna ya kutofautisha ni kuuliza saa na siku. Hali hiyo ya mafua kwa kawaida huanza saa chache baada ya kumeza, mara nyingi baada ya dozi ya tatu au ya nne, na huisha ndani ya siku moja. Arosto inayoletwa na rifapentini hujengeka siku kadhaa, huwa mbaya zaidi saa za mwisho kabla ya methadoni inayofuata, hupoa baada ya kunywa, na huja na dalili ambazo mafua hayo hayana: miayo, machozi na kamasi, malaika kusimama, tumbo kukoroga na kuharisha. Muuguzi akiuliza tu "inakuzidi saa ngapi?" atakuwa ameshapata nusu ya jibu. Na homa isiyoisha, hasa ikiambatana na kupungua uzito, irudishe akili kwenye TB yenyewe na si kwenye madhara ya dawa.

Kwa hiyo kituo kinachotaka kutoa 3HP kwa watu wa methadoni kinahitaji mambo matatu yawe tayari kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba dozi yake inaweza kulegea na kwamba akisema hatashukiwa. Awepo mtu mwenye mamlaka ya kuongeza methadoni kidogo kidogo siku hiyohiyo, si baada ya kikao cha wiki ijayo. Na uwekwe mpango wa kuishusha tena. Jambo hili la tatu ndilo linalosahaulika na ndilo la hatari zaidi. Baada ya dozi ya mwisho ya rifapentini, ini hurudi kwenye kasi yake ya kawaida katika muda wa takriban wiki mbili, na kiasi cha methadoni kilichoongezwa ili kuziba pengo sasa huwa kingi kupita kiasi. Mtu huanza kusinzia mchana, sauti huwa nzito, na akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi pumzi inaweza kukata. Tarehe ya kuanza kushusha dozi iandikwe kwenye faili siku ileile dozi inapopandishwa, na naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na afyuni, iwepo.

Wanaopewa buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini ambayo baadhi ya kliniki za Kenya huitoa, hawajasalimika. Rifampisini imeonekana kushusha buprenofini kwa takriban asilimia 70, kwa hiyo tahadhari ya ukoo huo iwahusu nao pia. Kwa yule ambaye bado anatumia unga (heroini) wa mtaani na hajaanza tiba yoyote, hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu heroini hugeuka mofini mwilini, rifampisini imeonekana kupunguza nguvu ya mofini, na hakuna kikombe ambacho mtu anaweza kukirekebisha. Anachoweza kufanyiwa ni kuelezwa ukweli: akihisi unga haushiki asiongeze mara mbili, na akimaliza dawa asirudie kiwango alichozoea wakati anaimeza.

ARV zake ni zipi?

Hapa mambo yamekuwa mepesi kuliko yalivyokuwa miaka 10 iliyopita. Anayetumia TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwenye kidonge kimoja, anaweza kumeza 3HP bila kubadilisha dozi ya ARV. Utafiti wa DOLPHIN wa Afrika Kusini ulikuta kwamba kiasi cha dolutegraviri hushuka lakini hubaki cha kutosha, na virusi vilibaki vimefubaa. Dolutegraviri pia haigombani na methadoni. Efavirenzi, ambayo wengi walikuwa wakiitumia kabla ya nchi zetu kuhamia TLD, hukubaliana na rifapentini lakini yenyewe hushusha methadoni, kwa hiyo aliyebaki nayo ahesabiwe kama mtu ambaye methadoni yake tayari inavutwa chini kabla hata ya kuanza dawa ya TB.

Mahali ambapo hakuna mjadala ni kwa walio kwenye ARV za mstari wa pili zenye ritonaviri, kama vile atazanaviri au lopinaviri, pamoja na wanaotumia nevirapini. Hao wasipewe rifapentini. Kwao ni 6H.

Kwa mwanamke kuna swali moja la ziada ambalo kliniki za methadoni, zilizojaa wanaume, hulipita. Rifapentini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Anayechagua 3HP aongezewe kondomu au apewe kitanzi kisicho na homoni kwa muda huo, na kwa mjamzito 3HP haipendekezwi.

Ini na miguu

Hofu ya ini ndiyo kisingizio kinachotumika zaidi kuwanyima watu hawa dawa kinga, na kwa sehemu ina msingi, kwani wengi wa wanaojidunga wana homa ya ini ya C, na pombe za bei nafuu, iwe gongo au chang'aa, hazikosekani. Lakini hofu hiyo ikichunguzwa inaelekeza upande ambao wengi hawautarajii. Katika utafiti mkubwa wa PREVENT TB, uliochapishwa mwaka 2011, madhara ya ini yaliwapata asilimia 0.4 ya waliomeza 3HP, na asilimia 2.7 ya waliomeza isoniazidi kwa miezi tisa. Kwa ini, basi, mara 12 za mchanganyiko ni nafuu kuliko miezi mingi ya isoniazidi ya kila siku. Kuwa na kingamwili za homa ya ini ya C bila dalili hakumzuii mtu. Anayesubirishwa ni mwenye macho ya manjano, vimeng'enya vya ini vilivyopanda sana, au anayekunywa pombe kupindukia kila siku. Huyo afanyiwe kazi kwanza, kisha arudishwe kwenye orodha, asifutwe.

Madhara mengine ya isoniazidi ni ganzi na kuchomachoma kwa nyayo, nayo huwapata zaidi wenye VVU, walevi na wanaokula vibaya, yaani karibu kila sifa ya mtu tunayemzungumzia. Vitamini B6 isichukuliwe kama zawadi inayotolewa ikiwepo. Anayekuja tayari na miguu inayowaka aelekezwe kwa tabibu kabla ya kuanza njia yoyote kati ya hizi mbili.

Na mkojo: anayemeza rifapentini atakojoa rangi ya machungwa au nyekundu, na asipoambiwa atadhani ni damu.

Dirisha lina uzito kuliko kidonge

Nimetaja kwamba kasoro kuu ya 6H ni watu kuishia njiani. Swali ni je, kasoro hiyo inabaki kuwa ileile kwa mtu ambaye hufika kliniki kila siku? Utafiti uliofanyika San Francisco na kuchapishwa mwaka 2002 uliwagawa watu wenye uraibu wa afyuni waliohitaji isoniazidi: baadhi walipewa isoniazidi pamoja na methadoni na ushauri nasaha, wengine pamoja na methadoni bila ushauri wa kina, na wengine wakaelekezwa waende kwenye kliniki ya kifua kama kawaida. Kundi la kwanza walimaliza asilimia 77, la pili karibu 60, la tatu 13. Dawa ilikuwa ileile kwa wote, na kilichotofautiana ni mahali ilipomezwa na kile kilichotolewa pamoja nayo.

Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Utaratibu wa kawaida ni kwamba mtu hunywa mbele ya mhudumu, kila siku, na kabla ya kuondoka huongea neno moja au mawili ili ionekane amemeza. Kidonge cha isoniazidi kikiwekwa pembeni ya kikombe hicho, dozi 182 hazitegemei tena kumbukumbu ya mtu wala mfuko wake wa suruali. Hapo ndipo nafasi ya 6H inapopanda: ikitolewa dirishani huacha kuwa ile dawa iliyoshindwa nusu kwa nusu, na haiigusi methadoni.

Lakini pale ambapo methadoni inatolewa jengo moja, ARV jengo la pili, na dawa kinga ya TB inafuatwa siku nyingine kabisa, faida hiyo hupotea, na mtu wa 6H anarudi kuwa mtu wa mfuko wa suruali. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema 3HP ni bora kwa kila mtu, wala na wanaoing'ang'ania 6H kwa kuogopa methadoni. Jibu linategemea ramani ya kituo kama linavyotegemea dawa.

Hizo nyingine mbili

1HP inavutia kwa ufupi wake. Katika utafiti wa BRIEF-TB wa mwaka 2019, uliohusisha watu 3,000 wenye VVU katika nchi 10, asilimia 97 waliimaliza, na ililinda sawa na miezi tisa ya isoniazidi. Tatizo ni kwamba rifapentini yake humezwa kila siku, kwa hiyo methadoni huvutwa chini kwa mwezi mzima bila kupumzika, na katika utafiti wa mwanzo dolutegraviri iliyojaribiwa pamoja nayo ilitolewa mara mbili kwa siku. 3HR ina rifampisini ya kila siku kwa miezi mitatu, inahitaji dolutegraviri mara mbili, na ndiyo inayoishusha methadoni zaidi. Tena rifampisini inaweza kuvidanganya baadhi ya vipimo vya haraka vya mkojo vionyeshe afyuni ambazo mtu hakutumia, na kwenye kliniki inayowapima watu mkojo ili kuona nani ametulia, kosa hilo linaweza kumgharimu mtu imani ya wahudumu wake. Kwa kundi hili nisingeanza na yoyote kati ya hizi.

Nani apewe ipi

Aliyetulia kwenye methadoni, yuko kwenye TLD, na kliniki yake inaweza kumpa vidonge vya TB dirishani: njia zote mbili zinamfaa, na achague mwenyewe baada ya kuelezwa. Kama daktari wa methadoni yupo kila siku na yuko tayari kubadilisha dozi, ningemshauri 3HP, hasa akiwa na homa ya ini ya C. Kama mabadiliko ya dozi huchukua siku nyingi au dozi yake tayari iko juu na bado inalegea, ningemshauri 6H ya dirishani.

Aliye kwenye wiki za kwanza za methadoni, dozi ikiwa bado inapandishwa, asianze rifapentini. Wiki hizo ndizo ambazo watu huacha tiba kwa urahisi zaidi, na hakuna atakayeweza kujua kama arosto inatokana na dozi ndogo au na kidonge kipya. Ama aanze 6H mara moja, ama asubiri dozi itulie ndipo aanze 3HP. Mimi ningependelea ya kwanza, kwa sababu kusubiri huwa na tabia ya kurefuka.

Anayetumia unga na hajafika kliniki yoyote ya methadoni, lakini anafikiwa na waelimishaji rika maskani kwake, apewe 3HP. Hakuna dirisha la kila siku la kumwekea isoniazidi, na mtu anaweza kupatikana mara moja kwa wiki kwa wiki 12 hata kama hana anwani. Siku ya dozi iwe moja na isibadilike, mwelimishaji amwone akimeza, ale kitu kwanza, na aelezwe kuhusu nguvu ya unga kama nilivyoeleza juu. Akitaka methadoni katikati ya safari hiyo, apokelewe bila kuchelewa, na kliniki iarifiwe kwamba anameza rifapentini ili isishangae dozi ya kuanzia isipomshika, wala isiipandishe haraka bila kukumbuka tarehe ya kumaliza 3HP.

Aliye kwenye ritonaviri, 6H. Anayekunywa pombe kila siku hadi kulewa na bado hajapimwa ini, apimwe kwanza.

Anayekamatwa mara kwa mara ni wa kufikiriwa peke yake, kwa sababu mahabusu ni mahali ambapo TB huenea na pia ambapo dawa hukatika. Miezi sita ina nafasi nyingi za kukamatwa, wiki 12 ina chache, kwa hiyo kwa hesabu hiyo 3HP inamfaa zaidi. Lakini akikamatwa wiki ya tano akiwa na methadoni iliyopandishwa, anaweza kukosa vyote viwili kwa pamoja, na akitoka baada ya wiki tatu akanywa dozi ileile ya zamani, ini lake litakuwa limerudi kwenye kasi yake na mwili wake umeshapoteza uzoefu wa dawa. Kliniki imrudishe kwenye methadoni kuanzia chini, ihesabu dozi za 3HP zilizobaki ndani ya zile siku 120, na kama muda umepita imwanzishie upya mojawapo ya njia hizi baada ya kumchunguza TB kwa mara nyingine, kwa kuwa sasa anatoka mahali penye watu wengi na hewa kidogo.